Mfungaji na Ubeti wa Shati

Mfungaji hakuweza kuchana mistari ya rapu akiwa amekaa. Ukimpa kiti atakushukuru, atatundika koti lake juu yake, halafu ataanza kutembea. Alitembea sebuleni, alitembea uani, alitembea kwenye korido za ofisi za watu mpaka mlinzi akamuuliza kama amepoteza kitu. Mara moja tulirekodi katika studio ndogo mno ya hapa Kisarawe, chumba kilichokuwa zamani stoo ya mkaa, na kwa kuwa hakikuwa na nafasi ya hatua mbili, alichana ubeti mzima akipiga maki taimu kama mgambo. Prodyuza akalalamika kwamba maiki inanasa vishindo vya viatu. Mfungaji akavua viatu, akaendelea.

Tulimwita Mfungaji kwa sababu alishika ubeti wa mwisho. Kundi letu lilikuwa la watu watatu: Mfunguzi alianza, mimi nilishika ubeti wa kati na kiitikio, yeye akafunga. Jina lake la nyumbani nalijua, na majina yake ya jukwaani nayajua yote, lakini hakuna hata moja ninalojisikia kulitumia hapa. Ukoo wake nao mtu asiniulize. Ndugu zake wapo, watasema wenyewe. Mimi nina shauri jingine naye. Kuna ubeti nilioandika mimi kuhusu mama yangu mzazi, na leo ukiuliza kuanzia hapa mpaka Mlandizi utaambiwa ni wa Mfungaji, na kwamba mama anayesemwa humo ni mama yake. Miaka sita nimekuwa nikitaka ubeti wangu urudi. Sijatulia tangu siku niliyousikia redioni, na sitajifanya hapa kwamba nimetulia.

Kwa sura hakuwa mtu wa kukugeuza shingo. Mwembamba, mfupi kidogo kuliko alivyojidhania, na koti la jinzi ambalo alilivaa hata kwenye joto la Januari. Sauti yake ndiyo iliyokushika. Haikuwa nzito wala nyororo, ila ilikuwa na haraka ya mtu anayekuja kukuambia kwamba ng'ombe wako wameingia shambani kwa jirani. Hata akisema habari za ndizi ulihisi kuna jambo. Mimi nilimfahamu miaka zaidi ya kumi, na nusu ya maneno yake niliyasikia nikiwa nakimbia ubavuni kwake, nikihema.

Alihesabu silabi kwa pingili za vidole, tatu kila kidole, gumba likipita juu yake haraka haraka. Siku moja tulikuwa tumesimama nje ya duka la dawa, amefumba macho, midomo inacheza, gumba linakimbia. Mzee mmoja aliyekaa barazani na wenzake akamwona, akadhani kijana yuko kwenye nyiradi zake. "Shii," akawaambia wenzake, "mwacheni kijana na Mola wake." Wazee wakanyamaza kwa heshima zote. Mfungaji akafumbua macho, akamwona mzee anamtazama, akasema, "Shikamoo babu. Moja imezidi." Mzee akaitika marahaba, akabaki anajiuliza ni moja ya nini.

Uongo kwenye wimbo aliuchukia. Hili nalisisitiza kwa sababu ya yaliyokuja kutokea, na kwa sababu bila hili mtu atadhani alikuwa tapeli tangu mwanzo, kitu ambacho si kweli. Mfunguzi aliwahi kuleta mistari kuhusu gari jeusi lenye vioo vya giza.

"Gari la nani hilo?" Mfungaji akamuuliza.

"Si wimbo tu, kaka?"

"Wimbo tu ndiyo nini? Andika ulichonacho. Wewe una nini?"

Mfunguzi akajitazama chini. "Nina kandambili."

"Andika kandambili."

Mfunguzi akaandika kandambili, moja ya bluu, moja ya kijani, na huo ndio mstari wa kwanza uliofanya watu wa hapa mjini watujue. Tulikuwa tukipita, watoto wa shule wanatupigia kelele, "Bluu! Kijani!" Mfungaji aliwajibu kwa kuinua mguu mmoja mmoja huku anaendelea kutembea. Alifurahi kuliko Mfunguzi mwenyewe.

Uchoyo na ukarimu vilikaa ndani yake bila kugombana. Soda yake hakukuonjesha. Ukimwomba karanga alikuhesabia nne. Lakini siku Mfunguzi alipoitwa usaili wa kazi na hana viatu, Mfungaji alivua vyake pale pale barabarani, akarudi kwao peku juani, akipiga hatua ndefu kama mtu aliyependa mwenyewe. Viatu vile hakuviulizia tena. Karanga nne alizonipa mimi alinikumbusha mwaka mzima.

Sasa ubeti wenyewe. Mama yangu alifariki nikiwa kidato cha nne. Alikuwa mhudumu wa hospitali, mtu wa kutoka bara aliyeletwa huku na kazi, na hakuwa na ndugu karibu wala mtoto mwingine. Ulikuwa ubeti wa mistari kumi na sita, lakini watu wanaikumbuka minne ya mwisho:

*Jumamosi mama alininyooshea shati la shule,*
*Jumapili nikaamka, hayupo mama yule;*
*Nikalivaa vilevile kumsindikiza kaburini,*
*mstari wa pasi yake bado upo mkononi.*

Hayo hayakuwa mapambo. Shati nililivaa kweli, na mstari wa pasi ulikuwepo kweli kwenye mkono wa shati, na nilikaa wiki tatu bila kulifua. Mfungaji ndiye mtu wa kwanza niliyemsomea. Nilisoma kutoka kwenye kaunta-buku yangu, yeye anazunguka uani kwetu. Nilipofika mwisho alikuwa amesimama. Akasema, "Kina chako cha kaburini na mkononi hafifu." Nikaanza kutafuta kalamu. "Usikiguse," akasema. "Ole wako ukikigusa." Kesho yake akaja tena akaniomba nirudie, na keshokutwa pia, mpaka akawa anaujua kwa moyo kabla mimi mwenyewe sijaushika.

Kanuni ya kundi aliitunga yeye. Katika nyimbo za kundi hakuna kusema mimi. Kila kitendo kianze na tu: tulilala, tuliamka, tulifukuzwa ada. "Humu hakuna ni," alisema. "Humu ni tu." Mfunguzi akauliza, "Umesema humu ni nini?" Akarudia, "Humu ni tu!" Sisi wawili tukacheka mpaka akakasirika, maana ile ni aliyokuwa anaipiga marufuku ndiyo aliyoitumia kuipigia marufuku. Lakini kanuni ikabaki. "Mtu akianza kusema mimi ndani ya kundi," alituambia, "huyo ameshaaga, bado begi tu."

Basi na ubeti wangu ukapitishwa kwenye kanuni. Ukawa "mama alitunyooshea shati la shule." Ukawa "tukaamka." Ukawa "tukalivaa." Watu watatu, shati moja. Mfunguzi akasema kama ni hivyo yeye ashike mkono wa kushoto. Nilicheka pamoja nao, ila iliniuma kidogo, kwa sababu mama yangu alikuwa na mtoto mmoja. Hata hivyo nilikubali. Mwenzio akikuambia mama yako ni mama yetu, utamjibu nini? Na nikiwa mkweli, kwa miaka ile michache tuliyoimba hivyo, msiba ulikuwa mwepesi zaidi nikiubeba na wenzangu wawili.

Kutuaga alituaga kwa mwendo, kama alivyofanya mambo yake yote. Tulikuwa tumetoka kutumbuiza Kibaha kwenye sherehe ya kufungua ukumbi, na promota mmoja wa Dar alikuwa amemsikia. Kesho yake asubuhi Mfungaji akatuita tuteremke naye barabara ya Pugu. Alikwenda mbio. Mfunguzi alikuwa ubavuni kwake, mimi nyuma hatua kama kumi, napigana na ndala iliyokatika. Mfunguzi akasikia mwanzo wa habari: kwamba kuna promota, kuna studio ya maana, mambo yamefunguka. Nilipowafikia mimi nikasikia mwisho: "Kwa hiyo naondoka Jumatatu." Ilibidi baadaye mimi na Mfunguzi tukae tuunganishe vipande ndipo tukaelewa kwamba promota alitaka mtu mmoja na kundi halipo tena. Mfunguzi alikuwa ameshampongeza.

Alihamia Kibaha, akapanga chumba Maili Moja. Tulimuuliza kwa nini asiende Dar moja kwa moja kama wenzake wote wanaotoka kivyao. Akasema Dar watu wanamsimamia mbele, hapati mwendo. Katika miaka miwili ya kwanza alibadilisha jina la jukwaani mara tatu, chumba mara nne, na namba ya simu sijui mara ngapi. Kwenye simu yangu nilikuwa na Mfungaji, Mfungaji mpya, Mfungaji mpya kabisa na Mfungaji hii ndiyo. Hakuna hata moja iliyopatikana siku niliyokuwa na haja nayo.

Siku ile nilikuwa dukani nanunua chumvi. Redio ya mwenye duka inaimba, mimi sina habari nayo, mara nikasikia ubeti wangu. Hakukuwa na tu hata moja. *Alininyooshea. Nikaamka. Nikalivaa.* Alikuwa amezirudisha ni zote tatu mahali pake, herufi kwa herufi, vilevile nilivyoandika kwenye kaunta-buku kabla kundi halijaugusa. Sijui kama mtu ataweza kunielewa hapa. Angeuharibu ningejua la kufanya. Lakini ubeti ulikuwa umerudi kamili, mzuri, na mimi sikuwamo. Mwenye duka akatikisa kichwa akasema, "Kijana wa watu, kafiwa na mama huyu." Niliondoka bila chumvi.

Nikamfuata Kibaha. Nilimkuta uani anazunguka kamba za nguo, anainama anapopita chini ya mashuka ya wapangaji wenzake.

"Kaka, ule ubeti."

"Umeusikia? Umesikia nilivyovuta pale kwenye kaburini?"

"Ni wa mama yangu."

"Nani kakataa? Sikia, dada. Sisi ndio tuliouharibu na zile tu zetu. Mimi nimeurudisha kama ulivyouandika. Kafungue daftari lako uangalie."

Ilikuwa kweli. Ndiyo hasira mbaya kuliko zote, ya kukosa jibu kwa mtu aliyekukosea. Nikamuuliza kitu kingine. "Kwa nini hukuandika wa mama yako?"

Akanitazama kama niliyemuuliza swali la kitoto. "Mama yangu si yupo, mzima wa afya. Mtu yupo tu, utamwandikia nini?"

Nilimtaka jambo moja. Aseme. Redioni, jukwaani, popote penye watu, aseme kwamba ule ni ubeti wa dada yetu wa kundi na mama huyo ni mama yake. Sikutaka kingine, wala sijawahi kutaka. "Nitasema," akaniambia, akanisindikiza mpaka kituoni, akanibebea mkoba. Nilimwamini, maana mtu aliyevua viatu mguuni kwa ajili ya mwenzake unamwamini. Wiki ile ile mtangazaji akamuuliza hewani maumivu yale ameyatoa wapi. Mfungaji akasema, "Mama aliondoka mapema." Mtangazaji akampa pole kwa niaba ya wasikilizaji wote.

Miongoni mwa wasikilizaji hao walikuwamo majirani wa mama yake.

Mama yake aliishi hapa hapa Kisarawe, ingawa kwao ni upande wa Mzenga, na maneno yake yalikuwa na ule mvuto wa watu wa huko, wa kuliburuta neno mwishoni. Aliuza mihogo. Wa kwanza kufika alikuwa mweka hazina wa chama chao cha kufa na kuzikana, kanga mbili, uso wa msiba, akamkuta marehemu anamenya. Mama mtu akasikiliza habari mpaka mwisho. Akanawa mikono, akatandika mkeka barazani, akakaa. Kila aliyekuja kutoa pole aliipokea. "Asanteni. Mimi ndiye marehemu. Karibuni." Alasiri akaja mtani wake, mzee wa Kinyamwezi fundi baiskeli, kwa kelele zake za kitani, akajilaza kwenye mkeka na kutangaza kwamba kaburi hili watani wameshalikalia, marehemu atoe mchele kwanza ndipo azikwe. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye hakucheka.

Mimi nilikwenda kesho yake. Sikujua naenda kusema nini, miguu tu ilinipeleka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapo kwa marehemu." Akanipa kipande cha muhogo wa kuchemsha. "Hebu niambie. Huyo mama wa shati nani?"

"Wangu, mama."

Akatikisa kichwa taratibu. "Ndiyo maana. Mimi pasi sijapata kuishika. Huyu shati lake alikuwa akililaza chini ya godoro ndilo linyooke." Akamenya muhogo mwingine kabla ya kuendelea. "Basi mama'ko kaazimwa hakuombwa. Na mimi nimezikwa sikuulizwa."

Hakuongea tena na mwanawe. Watu walidhani ni utani unaoendelea, na mwanzoni Mfungaji mwenyewe alidhani hivyo. Akipiga simu, mama anampa jirani apokee: "Anasema marehemu hapokei simu." Akileta kitenge, mama anajibu akiwa ndani, "Mwambieni marehemu hana haja ya kitenge, ana sanda yake." Mfungaji alikuja akacheka, akaja mara ya pili akacheka. Mara ya tatu nilimwona anarudi kituoni na kitenge kwapani, hachekani na mtu. Baada ya hapo safari zake zikapungua, kisha zikakoma. Nasema wazi kwamba mwanzoni nilifurahi. Niliona yupo mtu mmoja duniani anayemdai pamoja na mimi.

Nyimbo zake zilizofuata hazikushika. Alitoa moja yenye gari, nyingine yenye magari mawili. Aliyetufundisha kuandika kandambili! Kila alipopanda jukwaani watu walitaka Shati, wakipiga makofi, "Shati! Shati!" Yeye hakupenda makofi. "Msinipigie, nisikilizeni," alikuwa akisema tangu zamani. Sasa walimpigia na hawakumsikiliza.

Habari ya Kwala niliipata kwa Mfunguzi, ambaye sasa anafanya kazi huko kwenye bandari kavu, anaelekeza makontena yakishushwa. Kulikuwa na shughuli ya wageni, na Mfungaji aliitwa kuchangamsha watu katikati ya hotuba. Mshereheshaji akamwambia ana dakika tatu. Akaanza wimbo mpya, wafanyakazi wakakataa, wakataka Shati. Akakubali. Mfunguzi alikuwa mstari wa mbele amevaa kofia ngumu na kizibao kinachong'aa, na anasema Mfungaji alikuwa anakwenda kulia na kushoto jukwaani kama kawaida yake mpaka macho yao yalipokutana. Hapo ulimi ukateleza. Badala ya "alininyooshea" akasema "alitunyooshea." Ilikuwa mara moja tu, na zile ni nyingine zikafuata kama kawaida. Katika watu wote wale hakuna aliyegundua. Mfunguzi akanipigia simu muda huo huo, kelele za mashine nyuma yake, ananipayukia, "Dada! Ametutaja! Ametutaja!" Nilimwambia silabi moja siyo kutajwa. Lakini nilitembea siku nzima nayo kichwani, na sikuweza kukaa mezani kula.

Mama yake alifariki mwaka huu, kweli kweli safari hii, baada ya kuugua siku chache. Nilikwenda msibani nikakaa ndani na wanawake. Chama cha kufa na kuzikana kilifanya kazi yake. Mfungaji nilimwona kwa mbali, kati ya wanaume, amevaa kanzu ya kuazima inayomvuka vidole, na sikumsogelea. Sikujua kama ninayetaka kumpa pole ni yeye au ni mama yake.

Mimi ni karani. Nakaa kwenye dirisha la ofisi ambako watu huleta taarifa za vizazi na vifo, na wiki chache baadaye, asubuhi yenye foleni mpaka mlangoni, niliinua macho nikamkuta yeye mbele yangu na fomu mkononi na barua ya mtendaji wa mtaa.

"Habari za kazi, dada."

"Nzuri. Pole, kaka."

"Tumeshapoa."

Nilichukua fomu yake. Alikuwa ameacha mahali pengi wazi, kwa hiyo nikaanza kumuuliza kama ninavyowauliza wote. Jina la marehemu. Mahali pa makazi. Uhusiano wako na marehemu. Akajibu. Nikauliza, "Alifariki lini?"

"Mara ya kwanza au ya pili?" akasema.

Sikucheka, na yeye hakuwa amekusudia nicheke. Uso wake ulikuwa umechoka sana. Akashika ukingo wa dirisha kwa mikono yote miwili na kusogeza mdomo karibu na uwazi, ili wa nyuma wasisikie.

"Dada, baada ya maziko vijana walikaa barazani wakaupiga ule wimbo kwenye simu. Wananipa pole, si unajua. Ulipofika pale kwenye shati wakalia. Watu wazima, dada, na ndevu zao. Wajomba zangu wamelia." "Wamemlilia mama yako. Mama yangu amezikwa hajaliliwa."

"Kwa nini hukuwaambia?"

"Niwaambie nini? Niliwaitikia asante." Gumba lake likaanza kupita kwenye pingili, halafu likaacha. "Ijumaa ijayo ni arobaini. Nataka niseme mbele yao wote. Kwamba ule ni wako, mama ni wako, mimi niliuchukua. Wallahi nitasema. Lakini nikishasema tu, wataniuliza, sasa wa mama yako uko wapi? Niandikie, dada. Mistari minne tu. Wewe unajua."

Miaka sita nilikuwa nimemwandalia maneno. Nilikuwa nayo mengi, ya hasira yote, na mengine yalikuwa mazuri kabisa, yenye vina. Nilikuwa nayatunga nikiosha vyombo, nikipanda kilima kwenda kazini. Aliposema mimi niliuchukua, yote yakaniponyoka, na kilichobaki ni kwamba niliwamisi mama zetu wote wawili na nilitaka kulia dirishani kwangu mbele ya foleni. Sikulia. Wala sitasema nilimsamehe, kwa sababu halikuwa jambo la dakika ile.

"Sikuandikii," nikasema.

"Dada."

"Sikuandikii. Ukimwazima tena mama kwangu, wa kwako utakuwa umemzika mara ya tatu."

Akainamisha kichwa. Nilidhani atageuka aondoke, maana kuondoka ndiko alikokuwa akikuweza siku zote. Hakuondoka. Akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ya polepole, "Basi nionyeshe pa kuanzia."

"Anza na siku zake za mwisho. Alikuambia nini. Alikuwa anafanya nini. Alikuwa anataka nini ale."

Nilingoja. Nyuma yake mtoto mchanga alilia, mama yake akamhamishia bega la pili.

"Sikuwepo," akasema.

"Andika hilo."

"Hilo si la kusema kwenye arobaini ya mama, dada."

"Andika hivyo hivyo."

Nilitafuta fomu iliyoharibika, nikaigeuza upande mweupe, nikaipitisha chini ya kioo pamoja na kalamu yangu. Aliitazama muda mrefu. Kisha akaegemea dirisha, akaandika neno moja, akaliangalia, na chini yake akaanza kuandika mengine, bila kuhesabu kitu, mkono mwingine ukiwa umefunika macho.

Mzee aliyekuwa nyuma yake akanyoosha shingo. "Binti, huyu bado hajamaliza?"

"Vumilia kidogo, baba," nikamwambia. "Ndiyo kwanza anaanza."